Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Haya si ya jirani wa shangazi ya fulani. Yametokea nyumbani kwa binti yangu, kitinda mimba wangu, na mimi nilikuwa humo humo, nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha mimi, lakini macho ya kuonea watu hayafundishwi darasani.

Siku yalipoanza ilikuwa siku ya kufua. Binti yangu ni fundi cherehani, na wakati huo tumbo lilikuwa limemkaa mbele hata akawa anashona upande upande, kama mtu anayetega sikio mlangoni. Mimi nilikuwa nimekwenda kukaa naye mpaka ajifungue. Mume wake, fundi wa majokofu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, akarudi mchana amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye shuka la maua. Amekibeba kwa mikono miwili, anatazama anapokanyaga. Nikamwambia binti yangu, haya, mwenzio kakutangulia, kajifungua.

Kila mwanamume ana ugonjwa wake. Kuna wa pombe, kuna wa wanawake, kuna wa kubishana na redio. Ugonjwa wa mkwe wangu ni magitaa. Tena si magitaa yoyote. Yale yenye majina makubwa, ambayo watu huyafungia kwenye kabati la kioo kama meno ya mfalme, hayamtoi jasho. Yeye anataka ya umeme, ya pembe mbili: pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili, mbao imekatwa huku na huku, zikabaki pembe mbili kama za mbuzi, ili vidole vifike hadi noti za juu kabisa. Na katika hayo ya pembe mbili anachagua yaliyodharauliwa. Yaliyotengenezewa watu wanaoanza kujifunza. Yaliyouzwa rafu moja na pasi na sufuria, ambayo mpiga muziki mwenye kujiona hawezi kupanda nayo jukwaani. Alikuwa nalo moja la rangi ya chai ya maziwa, moja jekundu kama nyanya iliyomenywa, moja la kijani cha ukuta wa hospitali, na mengine. Yote yametundikwa kwenye misumari katika chumba cha mwisho, chumba kilichotakiwa kuwa cha mtoto.

"Watu wanasoma jina kichwani mwa gitaa, Mama," alikuwa akiniambia. "Hawasikilizi mbao." Hapo atakushikisha moja kifuani, bila kuliunganisha na spika, aguse uzi mnene, mbao ingurume mpaka kwenye mbavu zako. Yatima huyu, anasema, ana sauti kuliko watoto wa matajiri. Unasikia, Mama? Nami namjibu nasikia njaa.

Jambo moja nililompendea katika wazimu wake ni kwamba hakubadilisha kitu. Kitufe kilichovunjika alikiacha kimevunjika, rangi iliyobanduka aliiacha. Alisema gitaa kuukuu ni kama mjane, ukimchukua mchukue na makovu yake. Kwa maneno hayo ndipo alipompata huyu wa kwenye shuka, maana aliyemuuzia alikuwa mjane kweli, mke wa marehemu mmoja aliyekuwa akipiga katika bendi ya hoteli.

Akalifungua mezani, juu ya vitambaa vya watu ambavyo binti yangu alikuwa anakata. Rangi yake asali iliyoungua. Likapendeza, sisemi uongo. Akatuonyesha kwamba kiwandani lilitengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia, lakini marehemu alikuwa wa kushoto, kwa hiyo aliligeuza. Uzi mnene, ambao hukaa juu ukilishika kama mtu wa kulia, ukawa chini. Kile kipande cha mfupa kichwani, chenye vijito vya kupitishia nyuzi, kikachongwa upya. Kifungo cha mkanda kikahamia pembe ya pili, na tundu la zamani likazibwa kwa kijiti cha kiberiti. Gitaa la pembe moja, akasema, ukiligeuza linakaa kama mtu aliyevaa viatu kinyume. La pembe mbili halina kinyongo, linakubali huku na huku. Alicheka peke yake kwa furaha.

Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule mama alimsisitizia asizigeuze nyuzi. Alimwambia akiwa ndani, akamwambia mlangoni, akamfuata hadi barabarani kumwambia tena.

Nikamuuliza yeye alijibu nini.

"Nilimwambia sawa, Mama."

Nilimtazama. Hivyo hivyo ndivyo anavyonijibu mimi nikimwambia afute miguu.

Hazikupita siku nyingi akazigeuza. Alijitetea kwa binti yangu kwamba ni kwa ajili ya mtoto tu. Yeye ni wa mkono wa kulia, asingeweza kulipiga lilivyo, na katika magitaa yake yote hakuna lenye sauti tamu kama lile; basi mtoto alisikie, akizaliwa atalirudisha kama lilivyokuwa. Akachonga mfupa mpya kwa tupa yake ya kazini, akafunga nyuzi, uzi mnene juu. Kila jioni akitoka karakana anavuta kigoda, anakaa karibu na mkewe, anaegemeza pembe moja ya gitaa kwenye tumbo na kupiga pole pole bila spika. Mimi nililalamika. Mtoto hajazaliwa anapigiwa makelele, akizaliwa si atatuomba turudishe kiingilio. Lakini mtoto alikuwa anapenda. Uzi ukilia, tumbo linasogea. Linasogea pale pale ilipogusa pembe.

Asubuhi moja mkwe wangu akatoka chumba cha mwisho ameshika gitaa, anatuangalia kwa zamu. Uzi mnene ulikuwa chini.

Akauliza kwa adabu nani amefanya mzaha. Binti yangu hawezi hata kufunga kamba za viatu kwa tumbo lile. Nikabaki mimi. Nikamwambia mkwe, mimi nikitaka kugeuza kitu cha mtu nitamgeuzia chakula, si waya. Akacheka, akazirudisha juu. Baada ya siku chache zikawa chini tena. Safari hii hakucheka. Alizifunga kimya kimya, na alipomaliza akafunga mlango wa chumba na kutia ufunguo mfukoni.

Nilijua anachowaza, maana ningekuwa yeye ningewaza hivyo hivyo. Bibi kizee kaingia ndani ya nyumba, mambo ya ajabu yameingia ndani ya nyumba. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijumlisha. Nikaanza kusikia sauti zikishuka nikipita. Nikaona chai yangu ikimiminwa mbele ya macho yangu, kwa heshima sana, kama ya mtu ambaye amekatiwa tiketi ya kurudi kwake. Na mimi nikamshuku yeye. Mtu anayefunga chumba ana sababu ya kukifunga. Labda ana mwanamke, labda anavuta kitu humo, anazigeuza mwenyewe halafu hakumbuki. Tukawa tunakaa meza moja, tunapitishiana chumvi, kila mmoja anamchungulia mwenzake kupitia mvuke wa chai.

Adhuhuri moja nilikuwa peke yangu. Mkwe kazini, binti kapeleka gauni kwa mteja. Nimekaa kwenye kiti changu nachambua mchele. Nikasikia kitu. Kisauti kidogo, kikavu, kama mende anayetembea ndani ya bati la biskuti. Nikaacha mchele. Kikawa wimbo. Mwanzo wa wimbo tu, unaanza, unafika mahali unakosea, unarudi mwanzo. Kama mtu anayejifunza. Au kama mtu anayejikumbusha.

Nikachukua mwiko, maana mwanamke haendi vitani mikono mitupu. Nikaenda hadi mlango wa mwisho. Umefungwa. Wimbo unaanza, unakosea, unarudi. Nikainama kwenye tundu la ufunguo. Magitaa yote kwenye misumari, hakuna mtu. La rangi ya asali linaning'inia mbele yangu kabisa. Uzi mnene chini. Na uzi mwembamba ulikuwa unatetemeka.

Sikumwambia mtu. Mzee anayesema kila anachokiona huishia kuitwa mchawi yeye. Nikaamua kumtazama mkwe wangu vizuri.

Kwanza kijiko. Aliketi kula akakishika kwa kushoto, bila kumwaga hata punje. Nikamtania, mkwe, ule mkono mwingine umegoma? Akautazama kama mtu aliyeambiwa ana doa, akahamisha. Kufika katikati ya sahani kijiko kimerudi kushoto. Kisha saa ikahama, kutoka mkono ule kwenda huu. Kisha nikamwona anafungua friji ya mteja pale uani, bisibisi iko kushoto, na anafanya kazi haraka kuliko zamani. Kisha ikaja habari ya swichi. Kila akiingia sebuleni gizagiza likianza, mkono unakwenda kupapasa ukuta upande ambao hauna swichi. Nyumba ile ameishi tangu aoe. Anapapasa, anapapasa, kisha anakumbuka. Mpaka ukuta ukaota alama nyeusi ya kiganja mahali ambapo hakuna kitu.

Halafu nikaona kovu.

Mkwe wangu ana kovu kwenye nyusi. Bati la friji lilimchana akiwa kijana. Nilikuwa namwekea maharage kwenye sahani, nimesimama juu yake, nikaliona, nikaweka upawa chini. Nikaenda kwenye picha ya harusi pale ukutani, nikaifuta vumbi kwa kanga. Katika picha, kovu liko upande wa moyo, upande aliosimama binti yangu. Nikageuka. Mezani alikuwa anatafuna, ananitazama. Kovu liko upande wa pili.

Nilimngoja atoke. Nikamvuta binti yangu hadi kwenye picha, nikamwonyesha kwa kidole. Nilitegemea abishe. Mtoto huyu amebisha tangu aote meno. Hakubisha. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akasogea karibu na sikio langu.

"Mama, nikimlalia kifuani," akanong'ona, "moyo hausikiki mahali pake. Umehama."

Alikuwa analia bila sauti. Akaniambia amekaa na siri hiyo akidhani ni ujauzito unamchezea akili. Akasema mume wake bado anamwita kwa jina lake, bado anamkanda miguu, lakini usingizini anahama upande wa kitanda, na kila siku anarudi akiwa kidogo zaidi mtu mwingine. Akanishika mkono. Alichokitaka ni kimoja: siku atakapojifungua, anayempokea mtoto awe mumewe. Si anayefanana naye.

Nikavaa viatu.

Shuka la maua lilikuwa limekunjwa kabatini. Shuka la watu halikai. Nikalitumia kama kisingizio. Binti yangu akanielekeza kwa yule mjane, nikafika jua likiwa juu. Nyumba ndogo, safi, sakafu imepigwa deki mpaka inaogopesha kukanyaga. Nilipoingia nilitazama ukuta kabla sijamtazama mwenye nyumba. Swichi ya taa ilikuwa upande ule ule ambao mkwe wangu hupapasa. Usawa ule ule. Ukuta unaoizunguka ulikuwa na alama nyeusi ya kiganja.

Mjane alikuwa anapiga pasi. Akanitazama, akalitazama shuka. Hakulipokea.

"Kageuza," akasema.

Akaisimamisha pasi, akanipa kiti, akanieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Mume wake alizaliwa wa kushoto. Baba mtu hakutaka. Akawa anaufunga ule mkono kwa kamba kwenye mguu wa benchi. Wakati wa kula umefungwa, wakati wa kuandika umefungwa, mtoto analia mpaka sauti inakauka, hafunguliwi. Akakua anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, anasalimia watu kwa kulia. Gitaa tu ndilo aliloligeuza yeye. Alikuwa akisema, hiki kimoja hakuna atakayenigeuzia. Alipokufa, mdogo wake alilichukua, akazigeuza nyuzi; baadaye gitaa likarudi kwa mjane, nyuzi zimejirudisha zenyewe.

Nikauliza kama huyo mdogo naye alikufa.

"Yuko hai," akasema. "Mama yao ndiye hajui anakaa na nani."

Nikamuuliza, basi kwa nini usilichome, mwenzangu, unawauzia watu balaa limefungwa kwenye shuka la maua. Akaniuliza kama mimi ningeuchoma mkono wa mume wangu. Nikafikiri kidogo. Mume wangu ninayemjua mimi, labda. Akasema alitafuta mtu asiyebadilisha vitu, na mkwe wangu alimwapia kwamba hajawahi kubadilisha hata kitufe. Watu wa kukusanya vitu, akasema, wanatazama sana, hawasikii.

Akanisindikiza hadi mlangoni. Hapo ndipo aliposema nilichokifuata.

"Azirudishe aliyezigeuza. Kwa mkono ule ule aliogeuzia." Akafikiri. "Kama bado anao."

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, tulimketisha mezani chini ya dirisha. Binti yangu alimwambia kila kitu. Mkwe wangu hakucheka wala hakukataa. Alikuwa amechoka kama mtu anayelala na mwingine ndani ya nguo zake. Siku hiyo uzi mnene ulikuwa juu, alivyoufunga yeye jana yake. Nikaweka gitaa mbele yake, na koleo, na ule mfupa wa zamani. Nikamwambia, kwa kulia, baba.

Mkono wa kulia ukainuka. Ukawa kama wa mtoto anayeshika kijiko mara ya kwanza. Ukadondosha koleo. Ukaokota. Ukadondosha. Hapo ule wa kushoto ukaja. Ulitoka pajani, ukapanda mezani, ukalishika koleo vizuri kabisa. Nikaupiga kwa mwiko. Ukarudi nyuma. Ukaja tena, unatambaa, umepitia upande wa pili wa gitaa kama unanizunguka mimi. Nikampigia kelele mkwe wangu auzuie. Alikuwa anautazama. Machozi yamejaa.

"Mama," akanong'ona, "siutumi mimi."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa. Nikaukamata ule mkono. Ulikuwa na nguvu, na kiganja chake kilikuwa cha moto. Nikauvuta chini, nikauzungushia kitambaa, nikaufunga kwenye mguu wa kiti. Fundo langu la siku zote, lile la kufungia mizigo.

Kichwa cha mkwe wangu kikalala begani. Mdomo ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo.

"Baba, usinifunge."

Binti yangu akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinifunge. Nitakula na huu mwingine. Nimeshaacha. Usinifunge."

Nimelea wangu na wa wenzangu. Najua kilio cha deko na najua kilio cha kweli. Kile kilikuwa cha kweli. Nikakaza fundo.

Na mkono wa kulia ukaanza kazi. Pole pole. Ukalegeza uzi wa kwanza. Ukauchomoa. Ukabandua mfupa mpya, ukarudisha wa zamani. Uzi mnene chini. Unaofuata. Unaofuata. Kila uzi ukikazwa, ile sauti inapungua. Nusu yake ikawa kwikwi. Kisha pumzi tu. Uzi mwembamba ukaingia kwenye kijito chake, ukakazwa, ukalia mara moja.

Ile sauti ikakatika.

Mkwe wangu akainua kichwa, akauliza kwa sauti yake nzito ya kila siku kwa nini amefungwa kama mbuzi wa mnada. Nikamtazama nyusi. Kovu liko upande wa moyo. Binti yangu akamwendea, akaweka sikio kifuani, akakaa hapo kitambo. Akanitikisia kichwa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akashika tumbo.

"Mama," akasema. "Mtoto amegeuka."

Nikamwambia ni heri. Mtoto aliyekaribia hugeuka, kichwa kikaenda chini. Nilisema hivyo, na nilitaka iwe hivyo. Katika shughuli ile ya kufungua na kukumbatiana sikuona kitambaa changu kilikokwenda.

Siku hiyo hiyo nilimrudishia mjane gitaa lake, limeviringishwa kwenye shuka lile lile la maua. Nilitegemea anishukuru, au angalau anipe maji. Akalipakata, shingo imeelekea kulia, kama marehemu alivyokuwa akilishika. Akaweka sikio kwenye pembe. Akagusa uzi mmoja, akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Akagusa tena.

Uso wake ukabadilika.

"Hii sasa ni mbao tu," akasema. Akaniinulia macho. "Mmemwacha wapi?"

Niliondoka bila kuaga.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, ana mapafu kama honi ya lori. Aliyempokea ni baba yake, mwenyewe, moyo wake mahali pake. Binti yangu alipata alichokitaka na mimi sina neno. Muuguzi alipokuwa anamfuta akakishika kiganja cha mtoto, cha kulia, akakielekeza kwenye mwanga. Akasema, bibi, huyu amekuja na kazi yake. Alikuwa anacheka. Nikatazama. Ncha za vidole vinne, kidole gumba hakimo, zilikuwa ngumu. Sugu. Kila moja ina kamstari kamepita katikati.

Mkwe wangu ana sugu kama hizo, za kubonyezea nyuzi. Zake ziko mkono wa kushoto, maana yeye hupiga kwa kulia. Za mkono wa kulia ni za mtu anayepiga kwa kushoto. Hilo yeye mwenyewe ndiye alinifundisha, siku za mizaha. Lakini alipoviona vidole vya mwanawe alivibusu tu, akasema ni ngozi ya maji, itabanduka. Magitaa yake ameyahamishia karakana, yananing'inia katikati ya majokofu. Kile chumba sasa ni cha mtoto. Msumari wa lile la rangi ya asali umebaki, hakuna anayeung'oa.

Ngozi haijabanduka.

Watoto wachanga tunawaviringisha nguo, mikono ndani, walale wasijishtue. Wa kwangu wote niliwafunga hivyo. Huyu nikimfunga halii. Ananitazama. Nikirudi, mkono wa kushoto uko nje. Nguo haijavutwa wala haijateleza. Fundo limefunguliwa, ncha mbili zimelazwa sawasawa. Nikamfunga tena, nikakaza. Nikakuta hivyo hivyo. Binti yangu anasema nazeeka, nimesahau kufunga. Sibishani naye. Nimeacha kumfunga.

Kitambaa changu cha kichwa nilikitafuta tangu siku ile. Chini ya meza, kwenye nguo chafu, hadi kwenye vipande vya vitambaa vya cherehani. Leo asubuhi nilikwenda kukaa kwenye kiti changu cha plastiki, mtoto amelala chumbani, mlango wazi. Nikakiona. Kimefungwa kwenye mguu wa kiti, kwa fundo langu, lile la mizigo, ila limezungushwa kinyume, kama linavyofungwa na mtu wa kushoto. Kimeachwa na kitanzi.

Nikainama, nikapima. Mkono wangu wa kulia unaingia barabara.